Sura ya Tano: Ndege za Vita Ndani ya Kabati

Wageni wanaoingia sebuleni kwangu Nyamirambo, Kigali, hufuata utaratibu uleule. Salamu kwanza, habari za nyumbani, kisha chai. Chai ikishafika, jicho huanza kutembea ukutani mpaka likafika kwenye kabati la vioo kando ya mlango, na hapo mazungumzo husimama. Mgeni huinuka, huinama mbele ya kioo, huhesabu kimoyomoyo. Halafu huuliza: "Hivi vya mtoto wako?"

Nikijibu kuwa ni vyangu, hucheka. Nikitaja bei, huacha kucheka.

Sura hii inaanzia kwenye swali lao, maana ni swali la haki. Kindege cha chuma chenye urefu wa shubiri moja, kisichoruka, kisicho na betri, ambacho mwenyewe hataki kiguswe, ni kitu gani hasa? Na lipo swali la pili ambalo watu wa Kigali huliuliza baada ya kumaliza kikombe cha kwanza: jeshi letu la anga linarusha helikopta, halina hata jeti moja ya kivita. Sasa wewe unakusanya za nani?

Kitu cha kuchezea hakikosei

Tuliokulia mtaa wa Biryogo tulitengeneza magari ya waya. Waya uliokotwa, magurudumu yalikatwa kwenye soli za kandambili zilizokufa, na usukani ulikuwa fimbo ndefu ili dereva aendeshe huku amesimama. Ndege ilikuwa kazi ngumu zaidi. Mimi nilitengeneza moja tu, mabawa yake bati la mkebe wa maziwa ya unga, injini zake vifuniko vya soda. Bawa la kulia lilikuwa na injini tatu na la kushoto mbili, kwa sababu vifuniko viliisha. Hakuna aliyenisahihisha. Ndege ile ilikuwa sahihi kwa kuwa mimi nilisema ni sahihi.

Hapo ndipo ninapoweka mpaka. Kitu cha kuchezea hakiwezi kukosea, modeli inaweza. Modeli, kwa maana ya sura hii, ni umbo dogo lililopunguzwa kwa kipimo kimoja kutoka kwenye kitu halisi kinachojulikana. Ukiniletea modeli ya jeti ya MiG-21 yenye pua fupi kuliko inavyotakiwa, mtu yeyote mwenye rula na picha nzuri anaweza kutuonyesha kosa, na wala hahitaji kuwa rubani. Raha ya mkusanyaji iko hapo hasa. Ananunua kitu anachoweza kubishana nacho.

Forodha hawakubaliani nami. Katika mpangilio wa kimataifa wa bidhaa unaotumiwa na forodha karibu kila nchi, namba 95.03 ni chumba kimoja chenye wapangaji wengi: baiskeli za watoto za magurudumu matatu, wanasesere, vigari vya kubebea wanasesere, mafumbo ya kupanga vipande, na humohumo modeli zilizopunguzwa kwa skeli. Kwa hiyo mgeni anayecheka sebuleni kwangu ana sheria upande wake. Tutarudi kwenye jambo hili tukifika kwenye pesa.

Skeli, au kwa nini sabini na mbili

Skeli ni uhusiano wa kipimo kati ya kitu kidogo na kile kikubwa. Kila aliyekaa darasa la jiografia anaijua kutoka kwenye ramani. Modeli nyingi za jeti za kivita hutengenezwa kwa skeli ya 1:72, yaani sentimita moja ya modeli ni sentimita 72 za ndege yenyewe.

Iweke kwenye barabara za Kigali uione vizuri. Pikipiki ya abiria inayokupeleka kazini ina urefu wa kama mita 2. Kwa skeli hiyo inakuwa sentimita 2.8. Dereva wake, akiwa na kimo cha mita 1.73, anasimama sentimita 2.4, nusu ya njiti ya kiberiti. Jeti ya F-5E yenye urefu wa mita 14.45 inakuwa sentimita 20. Lakini ndege ya abiria ya RwandAir iitwayo Ubumwe, Airbus A330-200 iliyofika uwanja wa ndege wa Kanombe mwaka 2016, ingekuwa na sentimita 82, na hapo utahitaji kuhamisha kochi. Ndiyo maana ndege za abiria hutengenezwa kwa skeli ndogo zaidi, mara nyingi 1:200 au 1:400. Kwa 1:400 Ubumwe inakuwa na sentimita 15 na inakaa vizuri juu ya redio.

Mbona 72, si 70 wala 100? Kwa sababu ya futi na inchi. Futi moja ina inchi 12, kwa hiyo mtu wa futi sita ni inchi 72, na kwa skeli hii anakuwa inchi moja kamili. Kampuni ya Uingereza iitwayo Skybirds ilianza kuuza modeli za mbao za kujiundia kwa kipimo hicho mwaka 1932, na wengine wakafuata.

Kilichoieneza skeli hii hasa ni vita. Januari 1942, wiki chache baada ya Marekani kuingia kwenye Vita vya Pili vya Dunia, jeshi lake la majini liliwaomba wanafunzi wa shule wachonge modeli 500,000 za mbao za ndege za rafiki na za adui, zote kwa 1:72, zikapakwa rangi nyeusi. Hazikuwa za mapambo. Askari wa mizinga walioneshwa modeli zile kwa mbali ili wajifunze kutambua ndege kwa kivuli chake. Hesabu yake ni nyepesi: modeli ikiwa mita 10 kutoka kwako, jicho lako linaiona kwa ukubwa uleule wa ndege halisi iliyo mita 720. Ukumbi wa shule uligeuka kuwa anga.

Ukitaka kujua kwa nini somo hilo lilikuwa na thamani, tazama hapa kwetu. Katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979, Uganda na Tanzania zote mbili zilirusha MiG. Walinzi wa anga wa Tanzania, wakiwa wamekaza macho kumsubiri adui, walitungua ndege za Tanzania yenyewe.

*Kwa ufupi: skeli ya 1:72 ilianza kama urahisi wa hesabu za Kiingereza, ikakua kama somo la kumtambua anayepita juu yako. Shikilia neno hilo "juu yako".*

Chuma kinavyogeuka jeti

Umeona watu wanavyofyatua matofali ya udongo bondeni: kalibu ya mbao, udongo unashindiliwa, kalibu inanyanyuliwa, tofali linabaki. Modeli tunazozizungumzia huundwa kwa wazo lilelile, ila kalibu yake ni ya chuma cha pua kilichochongwa kwa mashine hadi unene wa unywele, na badala ya udongo kuna metali iliyoyeyushwa na kusukumwa ndani kwa shinikizo kubwa. Inapoa kwa sekunde chache, kalibu inafunguka, mwili wa ndege unadondoka.

Metali hiyo huitwa zamak. Jina limeundwa kwa herufi za mwanzo za maneno ya Kijerumani ya zinki, aluminiamu, magnesiamu na shaba, na ilibuniwa na kampuni ya New Jersey Zinc ya Marekani mwaka 1929. Sehemu yake kubwa kabisa ni zinki. Uzuri wake ni kwamba huyeyuka kwenye nyuzi joto 385 hivi, ilhali aluminiamu ya wale mafundi wa sufuria za kumimina inataka 660. Joto dogo maana yake kalibu hazichakai upesi, na kalibu ndiyo gharama kubwa ya kiwanda. Zamak pia ni nzito. Ukiipokea modeli mkononi kwa mara ya kwanza, mkono hushuka kidogo, na watu wengi huanza kuamini kwa mkono kabla ya jicho.

Si kila kipande ni chuma. Kioo cha rubani, makombora, antena na ule mrija mwembamba wa puani unaopima kasi ya ndege huwa ni plastiki, kwa sababu zamak ikifanywa nyembamba sana hukatika. Maandishi madogo mwilini hupigwa chapa kwa pedi laini ya silikoni, ambayo hunyonya wino kutoka kwenye bamba lililochongwa kisha kuubusu mwili wa ndege hata penye mviringo. Onyo la "usikanyage hapa" kwenye bawa linasomeka, ukiwa na lenzi.

Sasa kosa moja ambalo modeli zote hufanya, hata zile za bei kubwa. Ndege halisi imeungwa kwa mabati, na maungio yake ni nyufa nyembamba mno. Kiwanda huchonga mistari kuyaonyesha. Mstari wa nusu milimita kwenye modeli ungekuwa mtaro wa sentimita 3.6 kwenye ndege ya kweli. Rubani angeweza kupandia maharage humo. Makampuni hutofautiana sana kwenye jambo hili. Hobby Master na Calibre Wings ya Singapore huchonga mistari membamba kuliko matoleo mengi ya zamani ya Corgi ya Uingereza, ingawa Corgi wana mvuto wao, hasa kwa Hawker Hunter. Haya ni maoni yangu, na wapo watakaonitukana kwa ajili yake.

Kuna pia ugonjwa. Zamak iliyochafuliwa na risasi wakati wa kuyeyushwa huanza kuoza yenyewe kutoka ndani: hupasuka, huvimba, hatimaye humeguka kama biskuti. Magari na ndege nyingi za Dinky, zilizotengenezwa Liverpool kabla ya Vita vya Pili, zimekufa hivyo, na hakuna dawa. Kiswahili kinanifurahisha hapa, kwa kuwa risasi ya metali na risasi ya bunduki tumezipa jina moja. Ndege ya vita iliyosalimika miaka 80 kabatini inauawa na risasi iliyokuwa mwilini mwake tangu kuzaliwa.

Za nani, basi?

Za majirani.

Miaka ya mwanzo nilikusanya kama wanavyokusanya wote: F-14 kwa sababu ya filamu, F-16 kwa sababu ni nzuri. Kisha usiku mmoja umeme ulirudi baada ya kukatika, nikalitazama kabati langu kama mgeni, nikaona halina kitu hata kimoja kilichowahi kuruka karibu na nilipozaliwa. Niliuza nusu. Tangu hapo nina sharti moja: ndege haiingii kabatini mpaka niweze kusema ilifanya nini katika ukanda huu.

Rafu ya juu ni ya MiG-17 na MiG-21. MiG-17 ni fupi, kama sentimita 16, imetuna kama samaki wa sato. MiG-21 ni mkuki: bawa lake kutoka ncha hadi ncha halifiki hata sentimita 10. Uganda ilikuwa nazo zote mbili. Usiku wa kuamkia 4 Julai 1976, makomando wa Israeli walioshuka Entebbe kuwakomboa mateka wa ndege ya Air France walizilipua MiG zikiwa zimeegeshwa, ili zisiwafuate njiani. Ndege zilizonunuliwa kwa ajili ya anga zilimalizikia kwenye lami.

Nafasi iliyo wazi kando yao ni ya ndege nisiyoweza kuiweka. Mwishoni mwa Machi 1979, Libya, ikimsaidia Idi Amin wa Uganda, ilituma ndege ya kudondosha mabomu iitwayo Tu-22 kwenda kupiga Mwanza. Ilikosa mji. Mzigo wake ukaangukia kisiwa cha Saanane, kwenye hifadhi ya wanyama, ukaua swala. Kwa 1:72 Tu-22 ina sentimita 58, na kabati langu lina upana wa 60, kwa hiyo ingelala peke yake rafu nzima kama mfalme aliyefanya kosa. Nimeacha karatasi ndogo mahali pake.

Rafu ya pili ni Kenya. Hunter walizonunua Uingereza mwaka 1974, na F-5E za Marekani zilizoanza kufika 1978 na kuwekwa Nanyuki. Watu huniuliza kwa nini F-5 ni kipenzi changu, ilhali ni ndege ndogo isiyo na majivuno. Ni kwa sababu ya 1 Agosti 1982. Askari wa jeshi la anga waliojaribu kuipindua serikali ya Daniel arap Moi waliwashikia marubani bunduki waende kupiga mabomu Nairobi. Marubani waliruka, wakaizungusha ndege angani mpaka mtu aliyekaa nao akalewa, mabomu wakayatupa msituni Mlima Kenya. Sijui ndege nyingine ya vita ambayo sifa yake kubwa ni mahali ambapo haikupiga. Baada ya jaribio hilo jeshi zima la anga la Kenya lilivunjwa, likaundwa upya chini ya jina la 82 Air Force, na jina la zamani halikurudi hadi 1994.

Su-30MK2 ndiyo iliyonigharimu fundi. Uganda ilinunua sita kutoka Urusi, zikaanza kufika 2011, katika mkataba wa dola milioni 740 pamoja na silaha zake, na bunge la Kampala likapiga kelele kwa kuwa pesa zilitoka kabla wabunge hawajaidhinisha. Mita 22 za urefu, sentimita 30 kwangu. Ilibidi niende Gakinjiro kule Gisozi, fundi seremala aondoe rafu moja na kushusha nyingine. Aliponiuliza kabati ni la sahani za aina gani, nilimwambia ni za wageni.

Na jambo la kuudhi: karibu hakuna hata moja kati ya hizi iliyovaa rangi za kwao. Makampuni hupaka rangi za nchi zenye wanunuzi wengi. F-5 yangu ina msalaba wa Uswisi. MiG-21 yangu ina nyota nyekundu ya Kisovieti. Kwa hiyo nina kabati la majirani waliovaa nguo za kuazima. Wapo wanaofuta rangi na kupaka upya. Nilijaribu mara moja, nikaharibu bawa, nikakoma.

Bei ya mbuzi watatu

Modeli mpya ya 1:72 ya kampuni nzuri huuzwa nje kwa dola 80 hadi 150. Hilo ni nusu ya habari. Kigali sijawahi kukuta duka linalouza bidhaa hii. Kwenye maduka ya jumla ya mjini kuna ndege za plastiki zinazowaka taa na kuimba, basi. Unaagiza Hong Kong, Uingereza au Marekani, na kuanzia hapo hesabu huenda hivi. Chukua modeli ya dola 100 na usafirishaji wa dola 40. Forodha hutoza juu ya jumla yake, 140. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa bidhaa zilizokamilika, kwa kiwango kilichozoeleka cha asilimia 25, ni dola 35. Sasa una 175. Kodi ya ongezeko la thamani ya Rwanda ni asilimia 18, yaani dola 31.50. Umefika 206.50 kabla ya ada ndogondogo, zaidi ya mara mbili ya bei ya dukani. Kwa faranga 1,400 kwa dola ni kama faranga 289,000. Jirani yangu anayefuga alipiga hesabu yake mwenyewe, akaniambia: "Umekula mbuzi watatu, na hata hujashiba."

Ndiyo maana uchumi wa kweli wa modeli Kigali ni begi la shemeji. Mtu anayetoka Brussels au Dubai kuja likizo huombwa nafasi ya sanduku moja. Ikiwa wewe ndiye mwombaji, mwambie aibebe kwenye begi la mkononi, si lile la mizigo. Mrija wa puani hukatika kwanza, kisha miguu ya kutua. Mwambie pia asiifunge kwa mfuko wa plastiki. Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, na nimewahi kupokea MiG iliyoviringishwa kwenye kitenge, kwa sababu mfuko wake ulibaki uwanjani. Kitenge ni kinga bora, kwa kweli.

Kama unaanza leo, ushauri wangu ni huu, bila mpangilio:

- Nunua moja, ukae nayo miezi mitatu. Ikiwa hujaipima, hujaitafutia picha, hujaikuta na kosa hata moja, basi ulitaka pambo. Pambo lina bei nafuu zaidi.
- Epuka kununua aina kumi za ndege ileile kwa sababu tu rangi ya mkia imebadilika. Makampuni huishi kwa udhaifu huo.
- Kabla ya kununua iliyotumika, omba picha ya miguu ya kutua na ya tumbo. Muuzaji mkweli hatakawia.
- Vumbi jekundu la Juni hadi Agosti lipigwe kwa brashi laini ya vipodozi, kamwe si kwa kitambaa, kwa kuwa kitambaa hunasa antena. Msimu wa mvua, weka kabatini vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Jua lisiifikie, rangi hupauka na plastiki ya kioo huwa ya njano.

Si kushabikia silaha?

Swali hili huja mwisho, na mara nyingi huulizwa na mwanamke, kwa sauti ya chini. Kigali si mahali pa kulijibu kwa mzaha. Kanombe, kwenye nyumba iliyokuwa ya rais na ambayo sasa ni jumba la sanaa, mabaki ya ndege ya Falcon 50 bado yapo nje ya ukuta. Haikuwa ndege ya vita. Ilitunguliwa jioni ya 6 Aprili 1994 ikiwa na Juvénal Habyarimana na Cyprien Ntaryamira, marais wa Rwanda na Burundi, na saa chache baadaye mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Nimesimama pale. Vipande vile havina skeli. Ni bati tu, kubwa kuliko nilivyodhani na jembamba kuliko nilivyodhani, na sijawahi kutamani modeli ya ndege ile, wala simwelewi anayeitamani.

Jibu langu kwa muulizaji si kamili. Namwonyesha sanduku. Kwenye sanduku la modeli yoyote utakuta jina la kikosi, namba ya mkia, mara nyingine jina la rubani na alama za ndege alizozitungua. Hutakuta neno lolote kuhusu waliokuwa chini. Halafu tazama modeli yenyewe inavyowekwa: juu ya stendi, pua mbele, nasi tunaitazama kutoka ubavuni au kutoka juu kidogo, mahali ambapo angekaa rubani mwenzake. Kwenye baadhi ya modeli, tumbo ndilo hutobolewa ili stendi ipate pa kuingia. Katika hobi hii nzima, tumbo ni upande wa nyuma. Katika ukanda wetu tumbo ndiyo sura ya ndege, maana huko ndiko tulikoiona.

Hili halikutoka kichwani kwangu. Nilifundishwa.

Ndege ya mwisho kuingia kabatini ni Su-25. Wakali wa istilahi watasema si ya mapigano ya angani, ni ya kushambulia ardhini, na wana haki: iliundwa iruke chini na polepole, rubani akiwa ndani ya beseni la titani la kuzuia risasi. Kongo ina za aina hiyo. Tarehe 24 Januari 2023, moja ilipigwa kombora kutoka upande wa Rwanda, mpakani kati ya Goma na Rubavu. Kigali ilisema ndege hiyo ilikuwa imevunja anga lake kwa mara ya tatu. Kinshasa ilisema haikuvuka na kwamba kilichotendeka ni kitendo cha vita. Ndege ilitua Goma ikiwa inawaka. Watu wa miji yote miwili walisimama nje, simu mkononi, wakiitazama.

Shangazi yangu anaishi Rubavu. Alikuja Kigali kwa harusi, akalala kwangu siku mbili, na asubuhi ya pili nikamkuta amesimama mbele ya kioo.

"Hii ndiyo ile?"

"Aina ileile, Shangazi. Rangi siyo."

"Fungua."

Simfungulii mtu. Nikafungua. Aliichukua kwa mikono miwili, akaigeuza huku na huku, akakunja uso kama mtu aliyepewa picha ya ndugu yake akashindwa kumtambua. Alitazama kioo cha rubani, akatazama maandishi ya bawani bila hamu. Kisha akaipindua, tumbo likawa usoni kwake, akainyanyua kwa mkono ulionyooka mpaka ikawa kati yake na taa ya dari.

"Ehee," akasema. "Sasa ndiyo yenyewe."

Alibaki hivyo kwa muda, ameinua mkono, akainamisha kichwa upande kidogo kama anayesikiliza. Aliponirudishia aliniambia nimeiweka vibaya. Jumapili hiyohiyo nilinunua uzi wa kuvulia, nikapiga msumari darini, na sasa mgeni anayetaka kuiona Su-25 yangu lazima ainue shingo.